Mkono Usiosikia Moto

Nianze kwa kukukatisha tamaa kidogo. Humu hutapata jina la dawa ya kuulizia dukani, wala sitakueleza mdudu wa ukoma amekaaje. Hayo muulize mganga, ndiyo kazi yake. Mimi nitakueleza habari za benchi, za vidole vyangu, na za binti yangu Paskalina, kwa kuwa hayo ndiyo niliyoyaishi. Na kama katikati ya kusoma utashtuka ukaanza kujitazama ngozi, weka karatasi chini uende zahanati leo hii. Usiseme nimalize kwanza kuvuna.

Baba yangu, mzee Deusi, alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi kama Wafipa wenzake wa huku juu, lakini sifa yake ilikuwa fito. Kando ya mto wetu ipo miti yenye majani membamba marefu, matawi yake yanainamia maji. Kiangazi, majani yakipukutika, Baba alishuka na panga kukata matawi machanga, nami nyuma yake nikibeba. Kwa fito hizo alitengeneza fremu za picha takatifu, vikapu vya kutundika ukutani, vishikio vya koroboi, na mashada ya mviringo ambayo watu waliyachomeka maua ya porini wakayaweka mlangoni siku ya harusi au ya komunyo ya kwanza. Kaka zangu hawakuitaka kazi hiyo. Akanifundisha mimi, binti, na watu wakasema walichosema.

Ufito mwembamba unaulowesha tu majini, unalainika. Lakini ule mnene, wa kutengenezea duara, lazima upate moto. Unaufukia kwenye majivu ya moto mpaka maji yake yaanze kupiga mluzi, unautoa, unaukunja hapo hapo kabla haujapoa. Na kwetu unaushika kwa kiganja kitupu. Baba alisema mti unaongea na kiganja, ukiweka kitambaa katikati hutausikia unapotaka kuvunjika. Kwa hiyo mwanafunzi lazima aungue. Anautupa, tunamcheka, "Haya, umemwangusha mtoto wa watu!", anauokota, anaanza upya. Siku atakayouzungusha mpaka ncha mbili zikutane bila kuutupa, siku hiyo mkono wake umeiva. Anapewa kisu chake mwenyewe, na pombe ya ulezi inanywewa. Ndivyo ilivyokuwa tangu kwa babu zake Baba.

Mimi nilikuwa mzito wa kuiva. Nimeolewa bado nautupa. Mume wangu, Anselmo, mtu wa Wampembe kule ziwani aliyekuja kwetu kuuza kwenye duka la ushirika, alikuwa akinitania kwamba mkono wangu ni wa kukunja chapati. Nilikasirika kweli, kwa maana nilikitaka kile kisu kuliko nilivyotaka kanga mpya.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Malori yakaja, tukapakia milango, vinu na kuku, tukashushwa kando ya barabara kwenye nyumba zilizopangwa mistari kama watoto wa shule. Kuta tupu, udongo bado mbichi, hakuna hata alama ya moshi. Wanawake walilia, siwafichi, na mimi nililia. Halafu nikashuka mtoni, bahati nzuri mto ulikuwa ule ule, nikakata fito. Nikaitengenezea picha ya Bikira Maria fremu, nikakunja nyota ya kuning'inia juu ya kitanda, nikasuka kikapu cha koroboi. Chumba kikaanza kufanana na nyumbani. Jirani akaja kuchungulia, akasema, "Mama wee, na mimi nitengenezee." Kabla mvua hazijaanza, mstari mzima ulikuwa na vitu vyangu ukutani, na katibu wa kijiji akatuita kikundi cha ufundi.

Ni katika kiangazi hicho, nikiwa na mimba ya Paskalina, nilipouzungusha ufito wa moto mpaka ncha zikakutana.

Nakumbuka Baba alivyosimama. Aliuangalia mkono wangu, akaniangalia usoni, akapiga kelele kuita watu. "Njooni muone! Leonsia ameiva!" Nilicheka mpaka machozi. Nilidhani uvumilivu umenijia, maana sikuumia hata chembe. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vimekufa ganzi tangu masika, na nyuma ya bega nilikuwa na baka lililofifia, kama mtu aliyemwagikiwa maziwa ya unga. Baka nilisema ni mimba. Ganzi nilisema ni baridi ya Ufipa, nani huku hana ganzi asubuhi? Nikapewa kisu, watu wakanywa pombe.

Sasa hapo ndipo pananiuma hadi leo. Ugonjwa ulibisha hodi, sisi tukaupigia vigelegele. Kabila lingine mtu akishika moto asisikie wangemuuliza una nini. Kwetu nilipewa kisu.

Paskalina alizaliwa mvua za kwanza. Nilimnyonyesha, nikampakata, nikamwogesha, na mikono yangu miwili. Kuna siku nilimwogesha maji ya moto mno, akapiga yowe, na mama jirani akatia kidole kwenye beseni akaruka. "We Leonsia, unataka kumchemsha mtoto?" Nikasema nimesahau kuchanganya na ya baridi. Sikusahau. Nilikuwa nimeyapima kwa mkono, nikaona ni ya uvuguvugu.

Mwaka uliofuata kikundi chetu kilikwenda maonyesho ya Saba Saba, Sumbawanga mjini. Upepo wa mwezi ule mnaujua, unapita kwenye nguo kama hukuvaa. Baba alitandika vitu vyetu, mashada, fremu, nyota, akawasha moto mdogo, akaanza kunadi binti yake. "Tazameni mkono wa Kifipa! Hausikii moto huu!" Watu wa mjini wakajaa. Makarani wa ofisi, wafanyabiashara, walimu. Nikauchomoa ufito kwenye majivu unapiga mluzi, nikauzungusha taratibu, kwa madoido kabisa, nikauinua juu. Makofi yakapigwa. Mimi nilisikia harufu ya ngozi yangu ikiungua kabla sijajua kwamba ninaungua.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Alikuwa Ambakisye, mganga msaidizi, Mnyakyusa mwenye tumbo na baiskeli kuukuu, ambaye alizunguka vijijini kuwagawia wagonjwa wa ukoma vidonge. Alisubiri watu watawanyike. Akamwamkia Baba, "Shikamoo mzee," akaniomba mkono. Hakuangalia kiganja kilichoungua. Alishika kiwiko, akapapasa kwa ndani pale kwenye mfupa, kama fundi cherehani anayetafuta pindo.

"Dada, hapa una mshipa mnene kama kamba ya mbuzi," akasema. "Tangu lini vidole hivi vimelala?"

"Havijalala. Vimeiva," Baba akajibu kwa niaba yangu.

Ambakisye alikuwa mtani sana, kila mara akija kijijini alituambia, kwa ile sifa yetu ya kutuma radi, Wafipa msinirushie radi nimalize kwanza chai. Siku hiyo hakutania. "Mzee wangu," akasema, "mkono hauivi. Mkono mzima ukiguswa na moto unakimbia. Huu umeacha kukimbia kwa sababu haujui kama kuna moto."

Baba alikusanya mashada yetu moja moja, akayafunga kamba, tukarudi nyumbani siku hiyo hiyo wala hatukungoja zawadi kutolewa. Njia nzima alitembea mbele. Tulipofika mtoni akasimama akasema bila kugeuka, "Ni mimi niliyekupa kisu." Nikamwambia, "Baba, ungejuaje?" Tangu siku hiyo sikumwona tena akipasha ufito moto.

Ambakisye alikuja na vidonge vidogo vyeupe. Alitukalisha mimi na Anselmo, akasema maneno ambayo ningeomba uyashike wewe unayesoma, kwa sababu mimi niliyaachia. Alisema, "Ameanza dawa. Akila dawa kila siku, hamwambukizi mtu. Alale na mumewe, amnyonyeshe mtoto wake. Mtoto asitengwe na mama." Alisema mara mbili. Anselmo akaitikia ndiyo, ndiyo. Alipoondoka, Anselmo akahamisha mkeka wake upande wa pili wa chumba.

Simsemi kwa ubaya. Alikuwa na hofu, na hofu haina adabu. Duka nalo likaanza kukimbiwa, watu walikuja mlangoni wakaita tu, "Tupe chumvi, tutaipokea hapa hapa." Vitu vyangu vya ukutani vikaanza kuonekana jalalani, kimoja kimoja. Yule jirani aliyesema na mimi nitengenezee alikichoma kikapu chake mchana kweupe. Nilipomwuliza, akasema, "Si wewe Mama Paskalina, ni watoto tu nawaogopea." Haya.

Ulezi ulipovunwa, mama mkwe alipanda kutoka Wampembe. Alikuja na migebuka mikavu, samaki wa kwao ziwani, kwenye gunia na kanga mbili mpya, na nilipoziona tu kanga nikajua amefuata nini. Hakuna anayemletea mkwe mgonjwa kanga za kubebea.

"Mwanangu," akaniambia, "nimezika watoto wengi mno. Nipe huyu mmoja nimtunze mpaka upone."

"Mama, mganga kasema nisitengwe naye."

"Mganga ana watoto wake Mbeya. Huyu akipata, ni mganga atakayemwoza?"

Nilimtazama Anselmo. Akaangalia mlango. Nilimtazama Baba, aliyekuwa ameitwa kama mzee wa upande wangu, yeye aliyekuwa na neno kwa kila jambo. Akasema, "Mimi sina kauli tena juu ya mkono wa mtu." Ndiyo hivyo, ikabaki kauli yangu mimi, na mimi nilikuwa nimeanza kuwaamini wao kuliko mganga. Nilimtazama mtoto, mawazoni nikamwona ameungua, amekatika vidole. Nikamfunga mwenyewe mgongoni kwa bibi yake. Alikuwa anacheka, alidhani ni mchezo. Maziwa yalinijaa yakaniuma juma zima, nikiyakamua nje ya nyumba, udongo unayanywa.

Najuta. Silizungushi neno hilo. Vidole nilivipoteza kwa kutojua, na kwa hilo simlaumu mtu, wala Baba. Mtoto nilimtoa nikiwa nimeshaambiwa.

Mvua zilipokolea, lile jeraha la Saba Saba, ambalo lilikuwa limefumba juu tu, likaoza kwa ndani. Ambakisye akanipakia kwenye gari la halmashauri mpaka hospitali ya masista, na huko nilikaa mvua hizo zote na kiangazi chake hadi Noeli, kabla ya kuhamishiwa kambi ya wagonjwa wa ukoma iliyokuwa jirani.

Nikwambie habari za benchi. Wagonjwa wengine walikaa barazani mbele. Sisi tulikuwa na benchi letu la mwisho, karibu na tangi la maji, na ukutani nyuma yake rangi ilikuwa imekwanguka kwa vichwa vya watu waliosubiri. Hakuna aliyetukataza kukaa mbele, ila ukikaa, watu walikumbuka ghafla kuwa wana shughuli upande mwingine. Mwenzangu wa benchi alikuwa mzee Kasiano wa Mtowisa, bondeni kwenye joto. Ukoma ulikuwa umemla vidole vya miguu lakini kilichomtesa kwa maneno yake ni baridi yetu. Alijifunga blanketi hadi puani saa sita ya mchana. "Ninyi watu wa juu," alikuwa akisema, "ukoma utawakuta mmeshaganda, utakata tamaa urudi." Nilikuwa sijacheka tangu mtoto aondoke. Siku hiyo nilicheka.

Vidole viwili vya kulia, cha pete na cha mwisho, vilikatwa ncha. Vile vya kushoto vikakunjamana kama kucha za kuku na havikufunguka tena. Uso ulinivimba wakati fulani mpaka masikio yakawa mazito, nyusi zikapukutika, na mkono ukafungwa plasta kwa maumivu yaliyotoka kwenye kiwiko. Ajabu ya ugonjwa huu, mahali pasiposikia moto panaweza kukuliza usiku kucha kwa ndani. Nilijitazama kwenye maji ya ndoo nikamwona mama mmoja ambaye ningehama benchi kumkwepa.

Kasiano ndiye aliyenifundisha kuishi. Kila jioni alinipigia kelele, "Leonsia, kagua mali!" Maana yake tukae chini, tuloweke mikono na miguu kwenye maji ya baridi, tujipake mafuta, kisha tuangalie kila kidole, juu, chini, katikati. Kuna mwiba? Kuna lengelenge? Mkono ambao hausikii unaangaliwa kwa macho, hakuna njia nyingine. Nawe fanya hivyo. Maji usiyapime kwa mkono, yapime kwa kiwiko kama bado kinasikia, au mwite mtu. Sufuria ishike kwa kitambaa hata kama unaona aibu.

Kiangazi kilipoingia, Baba alikuja kwa miguu na mzigo kichwani. Nilidhani ni unga. Ulikuwa mzigo wa fito, nyembamba tupu, zimelowa, zimefungwa kwa gunia bichi. Aliziweka miguuni pangu kwenye lile benchi.

"Hizi hazitaki moto," akasema. "Nimejaribu. Ukizilowesha siku nyingi zinakunjika hata za unene wa kidole. Ni uvivu wetu tu tuliokuwa tunaharakisha."

Basi hiyo mila yote ya moto, Baba, ilikuwa ya nini? Sikumwuliza. Uso wake ulionyesha kwamba alikwisha jiuliza. Alikaa upande wangu, benchi lile lile, akanishikia ncha za ufito kwa vidole vyake vizee vyenye makovu huku mimi nikizungusha kwa vyangu vya kujivuta. Sista mmoja alitupatia mifuko ya gunia nikashona glavu. Tulitengeneza shada moja baya sana, limepinda kama gurudumu lililogongwa. Kasiano akalitundika ukutani juu ya vichwa vyetu, pale rangi ilipokwanguka, akachomeka majani. Watu wa baraza la mbele wakawa wanaligeukia. Hadi Noeli ukuta wa benchi letu ulikuwa na nyota, mashada na vikapu kuliko kanisa, na mama mmoja wa mjini, mke wa karani kutoka Mbeya, akavuka baraza akaja kuketi nasi kuuliza fito hulowekwa muda gani. Aliketi. Huo ni wema mdogo, lakini mimi nimeutunza.

Baba alikuja kila alipoweza, hadi kifua chake kilipomzuia. Alifariki nikiwa bado kambini. Hakuwahi kurudia neno la kisu, wala mimi sikumwambia kwa sauti kwamba simlaumu, nilidhani kukaa benchi moja kunatosha kusema. Pengine kulitosha.

Anselmo naye alikuja mwanzoni, na migebuka, na habari za mtoto. Ameota meno ya nyuma. Anajua kuogelea. Anawaita kuku kwa majina. Baadaye akawa anatuma migebuka bila habari. Baadaye wavuvi wakawa wananiambia habari bila migebuka, kwamba ana mwanamke Namanyere. Nilimwombea nilichoweza kumwombea siku hiyo, si kingi.

Vidonge nilivimeza mahindi yakipandwa, yakivunwa, yakipandwa tena, nikapoteza hesabu ya mavuno. Hadi siku Ambakisye alipokuja kambini, akashusha baiskeli taratibu, akaniambia, "Dada Leonsia, damu yako ni safi kuliko ya kwangu. Nenda kamchukue mtoto wako. Na ukirudi, usinirushie radi."

Nilipanda lori la kwenda ziwani nikiwa na kikapu nilichosuka, cha kumbebea nguo zake. Kutoka baridi yetu unashuka, unashuka, masikio yanaziba, hewa inakuwa nzito, halafu ziwa. Mama mkwe alinipokea vizuri. Alilia, akaniandalia ugali na samaki, akala nami sahani moja. Hilo lilinishinda. Afadhali angenikataa.

"Mchukue," akasema. "Ni wako, niliahidi. Nimemfunga nguo zake." Alikuwa amezifunga kweli, kwenye ile kanga mojawapo aliyokuja nayo, imechakaa sasa.

Paskalina alisimama nyuma ya mlango. Mrefu, mweusi kwa jua, meno mawili ya mbele hayapo. Alinisalimia, "Shikamoo," kama unavyomsalimia mgeni wa kanisani, kisha macho yakashuka kwenye mikono yangu yakaganda hapo. Akamkimbilia bibi yake. "Mama," alimwita. Bibi akaona aibu. "Mimi ni bibi yako, mama yako ni huyu." Mtoto akatikisa kichwa, akajifunika kanga ya yule mzee.

Nilikaa siku kadhaa. Nilisuka vitu, ndiyo ninachojua. Ufukweni hakuna miti ile, nikatumia matete. Alianza kukaa karibu. Akaniletea matete. Siku moja, nikiwa nimeketi uani, akaweka kidole chake juu ya kisiki cha kidole changu.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?" Akapanda kwenye kiganja.

"Hapana."

"Hapa?" Kwenye kifundo cha mkono.

"Hapana, mama."

Akapanda polepole, ulimi ukiwa umetoka kwenye lile pengo la meno, kwa makini kama mtu anayetafuta chawa. Katikati ya kifundo na kiwiko nikashtuka. Kidogo. Joto, ukavu, mchanga mchanga.

"Hapo," nikasema.

"Hapo?"

"Hapo nasikia."

Akaweka kiganja chake kizima pale. Sikuwa nimewahi kumgusa nikajua ninamgusa. Yule mtoto niliyempakata, niliyemwogesha, sijui nywele zake zilikuwaje, nilimkosa yule hata kabla hajachukuliwa. Huyu wa sasa nilimpata pale, upana wa kiganja cha mtoto. Kuanzia hapo, tukienda ziwani, alinishika hapo hapo, akinyoosha mkono juu ili afikie.

Siku ya lori aliletwa na mzigo wake. Alikuwa halii. Alikuwa ametulia jinsi watoto wanavyotulia wakiwa wamekwisha kuamua kwamba hakuna atakayewauliza. Nami nilikwisha kuiona sura hiyo, ni sura niliyokuwa nayo mimi nikimfunga mgongoni kwa mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya jiwe, kanga mdomoni, akiangalia pembeni.

Nikachuchumaa. "Paskalina, unataka kwenda au kubaki?"

Akanitazama kama nimemwuliza kitu cha hatari. "Nikibaki utakuja?"

"Nitakuja kila kiangazi. Na wewe shule zikifungwa utapanda, nitakuonyesha mto wetu."

Akageuza macho kwa bibi yake pale juu ya jiwe. Nikauchukua ule mzigo wa kanga nikamrudishia bibi yake mapajani, na mzee yule akauinamia akaanza kulia kwa sauti. Mimi nikapanda nyuma ya lori, nikakaa ukingoni, mkono nje ya ubao. Mtoto akaunyooshea wake, akanishika mahali petu.

Amekuja kila likizo, ahadi ilitimia. Sasa ni msichana mkubwa wa darasa la sita, anakunja ufito wa maji vizuri kuliko mimi, na mabaka hana, kila kiangazi namkagua hadi anakasirika. Lakini nyumbani kwake ni ziwani, na mama yake ni yule mzee. Watu huniuliza kama sikosei kumwacha. Hujui ukipewa tena kitu ulichokitoa kinakuwa cha nani. Wewe usifike huko. Meza dawa, mlaze mtoto ubavuni mwako, waache waseme.

Siku ile ya lori, utingo alipiga ubao mara mbili, lori likaanza kusogea. Paskalina alitembea nalo hatua chache, kisha akakimbia kidogo, kiganja bado kimebana. Halafu akaachia, na nilisikia alivyoachia, kidole kimoja kimoja.